Nafasi za kufundisha urubani na hali ya hewa chuo kikuu: nimeomba mara mbili, haya ndo maoni yangu

Naona watu wanauliza sana kuhusu hizi nafasi za walimu kwenye idara za urubani na sayansi ya angahewa, kwamba ni za kweli au zimeshapata wenyewe, wanachukua watu wa aina gani, na mtu akituma maombi anakaa muda gani mpaka ajibiwe. Mi nimeomba mara mbili kwenye chuo kimoja, mara ya kwanza nikakaa miezi mitano bila neno, mara ya pili nikafika mpaka usaili wa siku nzima, kwaiyo ninachoandika hapa nimekiona kwa macho. Chuo sitakitaja.

Nijieleze kidogo ili mjue naongea kutokea wapi. Nimefanya kazi ya utabiri wa hali ya hewa kwa ajili ya ndege miaka kadhaa, ile ya zamu, unaandika TAF, ule utabiri wa hali ya hewa ya uwanja wa ndege, saa nane usiku, rubani anakuja anataka kujua yale mawingu ya radi yanaelekea wapi kabla hajaondoka. Baadae nikarudi shule, uzamivu nimeufanya kwenye barafu inayoganda kwenye mabawa ya ndege ikiwa ndani ya mawingu. Leseni ya urubani sina na sijawahi kuwa nayo. Mlishike hilo la leseni, litarudi.

Tangazo la kwanza lilikuwa la nafasi moja, profesa msaidizi wa usafiri wa anga na sayansi ya angahewa. Sifa za lazima wakaandika shahada ya uzamivu au mtu awe karibu kuimaliza, kwenye hali ya hewa, uhandisi wa ndege, usimamizi wa usafiri wa anga au fani inayokaribiana. Chini yake, sifa za ziada, leseni ya urubani wa biashara na cheti cha ukufunzi "itakuwa faida". Sasa we soma hilo tangazo kama mtu wa hali ya hewa, unajiona umo. Rubani mwenye digrii akilisoma anajiona yumo, na yule aliyesomea uendeshaji wa viwanja vya ndege naye yumo. Tangazo linaloita kila mtu namna hiyo ukilisikia kwa juu unaona ni zuri, lakini kiukweli linawachosha watu wengi bure, maana ndani ya kamati walikuwa wanajua kabisa wanamtaka nani. Wanafunzi walikuwa wamejaa kwenye programu ya urubani na wao walikuwa wanahitaji mtu wa kuingia nao kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza kuruka ndege. Hilo la "itakuwa faida" lilikuwa sharti. Mi nimekuja kuambiwa hivo mwaka uliofuata na mtu wa hukohuko ndani, na iliniuma, kwa sababu ile barua ya maombi nilikaa nayo wiki tatu.

Na hapa niseme kitu kwa wasiojua hizi idara, maana neno anga linachanganya, watu wanadhani yote ni kitu kimoja. Upande wa urubani mwalimu anapimwa kwa masaa aliyoruka, vyeti vya ukufunzi, cheti cha afya kama bado kiko hai, na uzoefu wake wa kusimamia shule ya urubani. Upande wa angahewa unapimwa kwa machapisho, hela za utafiti unazoweza kuleta, modeli za kompyuta za hali ya hewa unazoendesha, data ulizonazo. Ni watu wawili tofauti wanaokutana kwenye korido moja, na mmoja anayebeba vyote viwili kwa kiwango cha juu hapatikani kirahisi, masaa elfu moja na kitu ya kuruka na uzamivu juu yake ni nusu ya maisha ya mtu.

Kuwaweka pamoja lakini nakuunga mkono moja kwa moja. Tarehe 24 Juni 1975 ndege ya Eastern namba 66 ilianguka ikitaka kutua uwanja wa JFK New York, kulikuwa na mvua ya radi, na mwanzoni haikueleweka vizuri kwa nini ndege zilizotangulia muda mfupi tu zilitua salama. Aliyekuja kulifungua lile fumbo ni Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, mtu wa hali ya hewa, akaonesha kwamba kuna hewa inashuka kwa nguvu kutoka kwenye wingu, ikifika chini inatawanyika pande zote, ndege ikiingia inapata kwanza upepo wa mbele halafu ghafla wa nyuma na inapoteza kasi ikiwa karibu na ardhi. Wenzake wapo waliombishia miaka mingi. Mwaka 1982 wakaweka rada za Dopla, zile zinazopima mwendo wa upepo, karibu na Denver wakayaona yale mashuko yenyewe kwa wingi, halafu tarehe 2 Agosti 1985 Delta 191 ikaanguka Dallas kwa sababu ileile na baada ya hapo hakukuwa na mjadala tena, marubani wakaanza kufundishwa namna ya kutoka kwenye hali ile na viwanja vikubwa vya Marekani vikawekewa rada maalum. Yaani mwanasayansi na rubani walikaa meza moja na leo tunasafiri salama zaidi. Kwaiyo mtu akiniambia idara hizi zitenganishwe nakataa kabisa. Ninachodai ni tangazo liseme wazi safari hii linatafuta upande gani.

Kuhusu kama nafasi ni za kweli, ndio ni za kweli, na upande wa urubani hazikauki. Mfano kwa Marekani, baada ya ajali ya Colgan 3407 karibu na Buffalo mwezi Februari 2009, sheria ilibadilishwa na kuanzia 2013 rubani msaidizi wa ndege za abiria za mashirika lazima awe na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida inataka masaa 1,500 ya kuruka. Aliyesoma shahada ya kwanza ya urubani kwenye chuo kilichoidhinishwa anaruhusiwa kuanza na masaa 1,000. Angalia hayo masaa 500 yanamaanisha nini kwa kijana, ni kama mwaka wa maisha, ndo maana vijana wanakimbilia vyuo. Na yale masaa wengi wanayapata kwa kufundisha wenzao palepale chuoni, wakishatimiza wanaondoka kwenda kwenye mashirika. Chuo kinabaki kila mwaka kinatafuta wakufunzi wapya na watu wazima wa kuwasimamia. Rafiki yangu mmoja rubani aliomba nafasi ya ukufunzi kipindi kilekile nilichoomba mi, tangazo lake lilikuwa kurasa moja na nusu, masaa mangapi, vyeti gani, ndege gani, zamu za mwisho wa wiki zipo au hazipo, akajibiwa ndani ya siku 19. Lile tangazo ningelipa nyota zote.

Mfumo wa kutuma maombi sasa. Hapa nakasirika kidogo mnisamehe. Unapakia CV yako ya PDF, mfumo unaisoma wenyewe na kujaza visanduku, halafu unakuta umechanganya kila kitu, kichwa cha andiko langu kimeenda kwenye sanduku la jina la mwajiri, mwaka niliomaliza uzamili umekuwa namba ya simu. Unafuta unaandika upya kazi moja moja. Ukikaa dakika ishirini bila kubonyeza unatolewa nje na ulichoandika kimepotea, na mtu anayejaza vitu kama hivi lazima asimame akatafute tarehe. Mi nilijifunza kuandika kila kitu kwenye faili la pembeni kwanza halafu nakopi. Nyaraka walizotaka ni barua ya maombi, CV, maelezo ya namna unavyofundisha, mpango wa utafiti, nakala za matokeo, na majina ya wadhamini watatu. Wadhamini hao mfumo unawatumia imeili siku hiyohiyo unapobonyeza tuma, hauwasubiri mpaka uitwe, kwaiyo waambieni mapema, mmoja wangu aliipata akadhani ni matapeli akaifuta.

Kitu kingine ambacho hakielezwi popote, ile sentensi ya "mapitio ya maombi yataanza tarehe fulani na yataendelea mpaka nafasi ijazwe". Watu wanaisoma kama hakuna dedilaini. Ichukueni hiyo tarehe kama ndo dedilaini yenyewe, kwa sababu kamati ikishakaa mara ya kwanza ikapata majina kumi mazuri, ya kwako yaliyokuja wiki tatu baadae yanaweza yasifunguliwe kabisa. Pia angalieni kama mkataba ni wa miezi tisa au kumi na mbili. Vyuo vingi mshahara unahesabiwa kwa miezi tisa ya masomo, ile mitatu ya likizo unajilipa kwa hela za utafiti ukizipata, na mkufunzi wa urubani mara nyingi yeye ni miezi yote kumi na mbili maana ndege haziendi likizo. Usipouliza utalinganisha mishahara miwili isiyolingana.

Baada ya kutuma ile mara ya kwanza, kimya. Mfumo unasema "yanapitiwa", mwezi wa kwanza yanapitiwa, mwezi wa tatu yanapitiwa, mwezi wa tano nikaona nafasi imeondolewa kwenye ukurasa basi nikajua. Sikupata hata mstari mmoja. Mtu ametuma kurasa ishirini na mbili za maisha yake, sentensi moja ya kusema tumempata mwingine asante inawagharimu nini jamani. Hapa nawapa sifuri na sirudi nyuma.

Mara ya pili tangazo lilikuja limebadilika. Waligawanya, nafasi mbili za urubani na moja ya angahewa, na ile ya angahewa waliandika kabisa kwamba leseni ya urubani haihitajiki. Sijui ni nani aliwaambia ila nilifurahi mno. Nikatuma, wiki ya sita nikapigiwa usaili wa video wa nusu saa, watu wanne, maswali yaleyale kwa kila mtu, wiki ya tisa nikaitwa chuoni.

Siku ya usaili niisimulie vizuri kwa sababu ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Asubuhi semina ya utafiti dakika 45, hiyo ilienda kawaida, maswali ya hesabu na ya vipimo. Halafu wakanipeleka darasa la mwaka wa kwanza la urubani, nifundishe dakika 25 na wanafunzi wao halisi. Nikaandika ubaoni kipande cha METAR, ile ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege, 24/18, nikawaambia joto nyuzi 24, kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu unaanza kuwa matone, nyuzi 18, tofauti ni 6, gawa kwa 2.5 unapata 2.4, hizo ni elfu za futi, kwaiyo mawingu ya kurundikana yakianza mchana tegemea msingi wake kama futi 2,400 juu ya ardhi. Wakaandika. Kijana mmoja nyuma akanyoosha mkono akasema, "Lakini mwalimu, jana tofauti ilikuwa 6 hivohivo, tumeruka mchana kutwa hata kiwingu kimoja hakikuwepo." Darasa likanigeukia. Nikamuuliza jana asubuhi mlipopanda joto lilikuwaje, akafikiri, akasema eeh, futi 1,500 kulikuwa na joto kuliko chini, na ukungu wa vumbi umelala chini yake kama mfuniko. Nikamwambia umejijibu mwenyewe, ile hesabu ni ya hewa iliyofanikiwa kupanda kutoka ardhini, jana hewa iligonga ule mfuniko ikarudi, haikufika futi 2,400 basi wingu lingetoka wapi. Yule kijana akachora mstari kwenye daftari lake akaandika kitu pembeni. Kulikuwa na mzee mmoja wa kamati, rubani mstaafu, amekaa kiti cha mwisho, akaniambia tukiwa tunatoka, "Mwalimu, lile swali ndo tulikuwa tunasubiri tuone utalifanyaje, na kijana hatukumtuma."

Mchana wakanionesha simuleta, wakaniweka kiti cha kulia, wakaweka uwanja ulio juu futi 5,000 na joto nyuzi 30. Nilishajua kwa karatasi kwamba kwenye futi 5,000 joto la kawaida ni nyuzi 5, umezidi kwa 25, kila nyuzi inaongeza kama futi 120, kwaiyo ndege inahisi kama iko futi 8,000, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Nimeliandika hilo kwenye maelezo ya marubani mara zisizohesabika. Lakini kuiona njia ya kurukia inaisha mbele yako na ndege bado inaburuta magurudumu ni kitu kingine kabisa, nilikaa kimya. Nikaelewa kwa nini upande ule wanatafuta watu wenye masaa. Huwezi kufundisha ile hofu kwa kuisoma.

Halafu nje, nyuma ya jengo, wanafunzi wa angahewa walikuwa wanajaza puto la vipimo, wakanipa nishike kamba. Kile kiboksi chenyewe chepesi kama kikombe cha plastiki, kinapima joto, unyevu na mahali kilipo huku puto linapanda kama mita 5 kila sekunde. Tukaliachia, na yule msichana aliyekuwa kwenye laptopu akaanza kusoma namba kwa sauti, na wanafunzi wawili wa urubani waliokuwa wanapita wakasimama, wakauliza upepo wa futi 3,000 ni ngapi kwa sababu wanaondoka saa kumi. Akawasomea. Hapo nikasema moyoni hii idara nataka kufanya kazi, kwa sababu nilichokuwa nafanya peke yangu usiku ofisini hawa wanakifanya wakiwa na miaka ishirini.

Sikuipata. Mkuu wa idara alinipigia mwenyewe, tukaongea kama dakika kumi, akaniambia wazi kwamba somo langu lilikuwa la kwanza kwenye alama zao ila mpango wangu wa utafiti ulihitaji ndege ya kupima mawingu, na wao wana ndege za mafunzo tu ambazo haziruhusiwi kuingia kwenye barafu, wakamchukua mtu anayefanya kazi kwa data za rada zilizopo tayari. Nilimshukuru na ninamshukuru mpaka leo, ile simu imenisaidia kuliko semina yoyote. Ila ona sasa, hilo nalo lingekuwa kwenye tangazo. Vyuo vyenye ndege za utafiti vinahesabika, Wyoming wana King Air yao, North Dakota wametumia Citation II kwa mawingu miaka mingi, mtu wa fani yangu anajua. Sentensi moja tu ya "vifaa tulivyonavyo ni hivi" ningeandika mpango mwingine kabisa, barafu hiyohiyo naweza kuifanyia kazi kwa rada na ripoti za marubani, nusu ya andiko langu ilikuwa hivo.

Kwaiyo alama zangu, tangazo la kwanza 1 kati ya 5, la pili 4, mfumo wa maombi 2 na hiyo ni kwa sababu haukupoteza faili zangu, mawasiliano ya mara ya kwanza sifuri, ya mara ya pili 5, siku ya usaili 5 bila ubishi. Kama we ni rubani mwenye vyeti vya ukufunzi na unapenda kufundisha, omba hata leo, nafasi zenu zinaeleweka na majibu yanakuja. Kama we ni wa hali ya hewa, kabla hujaandika hata mstari mtumie imeili mwenyekiti wa kamati, jina lake huwa lipo chini ya tangazo, muulize mambo mawili, leseni ya urubani ni sharti au ni nyongeza, na mna vifaa gani vya utafiti. Hawakasiriki, mzee yule rubani aliniambia wanaouliza ni wachache mno na kamati inawakumbuka.

Wiki iliyopita wametangaza tena nafasi moja ya angahewa, mapitio yanaanza baada ya wiki tano. Safari hii wameorodhesha vifaa, rada, mtambo wa puto, kompyuta za modeli. Nimeshamtumia imeili mwenyekiti, na wadhamini wangu wote watatu nimewapigia simu.